Sababu ya Safari

Juma lililopita, kwenye kizuizi cha barabara hapa Isiolo, sisi abiria wa lori la kwenda Merti tulipanga mstari. Askari huandika kila aendaye kaskazini: jina, aendako na sababu ya safari. Asiye na sababu hurudishwa mjini.

Mbele yangu alisimama mama mzee wa Burat, msalaba wa shanga shingoni.

"Unaenda wapi, mama?"

"Biliqo."

"Kufanya nini?"

"Kuomba msamaha."

Askari akainua kalamu. "Hiyo si sababu, mama. Hapa tunaandika kazi, biashara ama jamaa. Niandike biashara?"

"Sina biashara."

"Basi jamaa. Sema tu, upande lori."

"Si jamaa yangu. Alikuwa jirani kabla ya kuhamia huko, mama Mborana. Nilimwita mwizi wa mbuzi mbele ya watu. Mbuzi akarudi mwenyewe jioni, na mimi nikanyamaza miaka saba. Sasa, kijana wangu, nitaendaje kutubu uongo kwa uongo mwingine?"

Dereva akapiga honi. "Mama, ngoja lori la wiki ijayo!"

"Hiyo wiki ijayo umeniahidi wewe?" akamjibu bila kugeuka. "Mimi na yeye ni wazee."

Askari alijikuna kidevu, kisha akaandika polepole, akiyatamka maneno: "Kuomba msamaha." Akampa mama mkono, naye akapanda lori.

Zamu yangu ilipofika nilisema "biashara", na ilikuwa kweli. Nimejaza fomu tangu shule ya misheni, ndugu wasomaji, na sijapata kuonea haya jibu sahihi isipokuwa asubuhi ile.