Mguu wa Mwalimu Breki

Nasema mapema tusije tukagombana: nina wivu. Si ule wa mume kwa mke, huo mimi na mama watoto tulishaumaliza zamani. Wangu ni wivu wa kazi, na usidhani ni mdogo.

Nimefundisha udereva miaka kumi na tisa katika chuo kimoja chenye magari mawili na ofisi ya chumba kimoja, nyuma ya duka la matairi. Magari yetu yana breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu. Ya upande wangu imelika mpira wote, kimebaki chuma. Wanafunzi waliniita Mwalimu Breki, na jina lilinipendeza. Mtu akichelewa kusimama, nilikuwa nakanyaga kidogo, kwa ulaini, hata hajui. Anashuka anajipiga kifua: "Mwalimu, leo sijakosea hata mara moja!" Nami namwacha na furaha yake. Siku kumi, yuko tayari kwa mtihani. Akishapata leseni akigonga nguzo ya umeme, hayo ni yake na nguzo.

Mwaka juzi akaletwa mwalimu wa pili, mama mmoja aliyewahi kuendesha gari la wagonjwa. Tukambatiza Mama Vioo. Siku mbili za kwanza mwanafunzi wake hawashi hata injini. Anarekebisha kiti, anafunga mkanda, anapanga vioo, anashuka, anapanda, anaanza upya. Barabarani swali ni moja tu, kutwa nzima: "Nyuma yako kuna nini?" Na wiki ya mwisho, kwenye mitaa iliyotulia, Mama Vioo anavua viatu na kukunja miguu kitini kama aliyekaa mkekani, ili mwanafunzi ajue hakuna wa kumwokoa.

"Huyu anafundisha udereva au anauza vioo?" niliwauliza mafundi wa matairi. Walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Lakini miezi ikapita, na watu wakaanza kuja ofisini wakimuulizia yeye. Mafundi wakaendelea kucheka. Mimi niliacha.

Basi kitindamimba wangu, binti niliyemfundisha kutembea kwa mikono yangu hii, akapata kazi ya kupeleka dawa kwenye zahanati. Sharti lilikuwa moja: awe na leseni kabla mwezi haujaisha. Nikaosha gari, nikapiga msasa kibao cha L, nikaketi kumngoja.

"Baba, usikasirike," akaniambia. "Nataka nifundishwe na Mama Vioo."

"Kwani mimi nina kasoro gani?"

"Huna kasoro. Ila wewe ni baba yangu."

Mama yake akacheka upande wa jikoni. "Mganga hajigangi, mume wangu. Mwache mtoto."

Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu siku hiyo chakula hakikunipita kooni bila kusikia mwalimu amesema. Mwalimu amesema simu ikae kwenye buti. Mwalimu amesema ukiwa na usingizi, paki. Mwalimu amesema gari la mbele likipita nguzo, uhesabu mpaka tatu ndipo nawe uifikie, na mvua ikinyesha uhesabu zaidi. Maneno hayo hayo nimeyasema miaka kumi na tisa! Nikamwambia hivyo. Akanijibu kwa adabu, "Ndiyo, Baba," kisha akaendelea kumsifu mwenzangu. Nilikuwa nawaona wakipita na gari lao kwa mwendo wa jongoo, wanacheka, na roho ikiniuma kama jino bovu.

Chuo chetu kina utaratibu wake. Kabla mwanafunzi hajapelekwa kwa polisi wa usalama barabarani, anapimwa na mwalimu asiyemfundisha. Walimu tuko wawili. Kwa hiyo binti yangu, siku tano kabla ya mwisho wa mwezi, alipaswa kupimwa na mimi. Kanuni ni ngumu na niliitunga mimi mwenyewe: mguu wa mtahini ukigusa breki, mwanafunzi ameanguka, arudie mwezi mzima.

Sitaki kujipamba. Asubuhi ile nilipanda gari nikitafuta kosa.

Sikuliona. Alifunga mkanda, akanikumbusha na mimi nifunge wangu. Kwenye kivuko alisimama, akangoja watoto wa shule wapite wote, hata yule aliyerudi kuokota kalamu. Tulipokaribia barabara ya sokoni alinitazama kidogo. "Baba, Mwalimu huwa anakunja miguu."

"Mimi si mwalimu wako," nikasema. Hata hivyo nikairudisha miguu nyuma, nikaibana chini ya kiti.

Mbele yetu mtu mwenye mkokoteni wa magunia akaanza kuingia barabarani. Binti yangu akaondoa mguu kwenye mafuta, gari likaanza kupunguza mwendo. Nami niliona mkokoteni tu. Sikuona kingine. Mguu wangu ukaruka wenyewe, ukakanyaga chuma kile kwa nguvu zote, gari likasimama ghafla, mikanda ikatukaba. Nyuma yetu matairi yalipiga kelele. Nilipogeuka, uso wa lori la mchanga ulikuwa umejaa kioo chote cha nyuma. Kati yetu na lile lori hata ndoo isingepita.

Dereva wa lori alitutukana, mwenye mkokoteni akamsaidia. Binti yangu akawasha taa za tahadhari, akasogea pembeni, akazima injini.

"Baba, nilikuwa nimeuona mkokoteni."

Nikainama kuokota fomu ya mtihani iliyoanguka miguuni.

"Na lori nililiona tangu kituo cha mafuta. Lilikuwa limetubana, ndiyo maana nikapunguza polepole. Wewe uliliona?"

Sikuliona. Miaka kumi na tisa nimetazama mbele na miguu ya wanafunzi. Kutazama nyuma hakukuwa kazi yangu, au ndivyo nilivyojipangia.

Fomu ilikuwa magotini. Swali la mwisho: Je, mtahini alikanyaga breki? Nikiandika "Ndiyo" sijasema uongo, na hakuna wa kunishika. Kazi ya dawa ingempita, lakini kazi nyingine zingekuja. Mama Vioo angeaibika mbele ya mafundi wa matairi, na mtoto angerudi kwenye gari langu. Nilitaka hivyo. Nilitaka mpaka kalamu ikaloa jasho. Binti yangu alitazama mbele, hakuniomba kitu. Angeniomba ningekataa, najijua.

Nikaandika "Ndiyo". Chini yake nikaongeza: "Kosa ni la mtahini, hakutazama nyuma. Mwanafunzi amefaulu." Nikatia sahihi, nikampa aendeshe kurudi.

Mwenye chuo alisoma fomu mara mbili. "Miaka yote hii, mzee, na wewe ndiye umekosea?"

"Ni mimi."

Mama Vioo alikuwa amesimama mlangoni. Ningefurahi angenicheka, ningepata pa kumchukia. Alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Pole, mwalimu mwenzangu. Hata mimi lori liliwahi kunifundisha." Wivu ukanipanda upya. Hata utu amenizidi!

Binti yangu akatoka ofisini na karatasi yake mkononi. Nikapanua mikono. Akanipita mbio, akamrukia mwalimu wake shingoni, wakayumba wote wawili nusura waanguke kwenye matairi. Nami nikasimama kando ya gari, nikingoja zamu yangu.