Mchezo Uliowachanganya Kina Wafula

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Mnanung'unika simu ikichelewa kufunguka. Mimi nilifanya kazi na mashine zilizochanganya watu, na nikawaonyesha waliosoma jinsi ya kuishi nazo.

Siku yangu ya kwanza kwa saiba, yaani duka la kompyuta za kulipia, ilikuwa Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Niliajiriwa kupiga deki. Shule niliishia darasa la nne. Meneja aliniangalia mikono, akasema, "Mama Nekesa, hiyo kitambaa ikamuliwe kabisa. Ukinilowanishia mashine, unarudi kwenu Matisi leo leo."

Nilikamua. Lakini nikipita nyuma ya wateja niliona mchezo mmoja uliowashika kuliko barua zao. Ulikuwa wa zamu: unajenga mji, unasogeza askari, unabonyeza kumaliza zamu, kisha kompyuta nayo inacheza, kama drafti ya vifuniko vya soda. Ulikuwa mzuri, na ulikuwa na kasoro. Vijana waliziita bagi. Askari akiingia mtoni, hatoki. Mashua ikiwa bandarini na askari ndani, ukimaliza zamu kila kitu kinaganda.

"Si uwashushe kwanza?" nilimwambia mwalimu mmoja aliyekuwa akipiga meza ngumi.

"Ati Mama, wewe pia unacheza?"

"Sichezi. Napiga deki. Lakini hii ni mara ya tano naona mtu akikwama hapo hapo."

Meneja alisikia. Kesho yake alinipa daftari niandike kila ujinga wa mashine, na jina la aliyekuwa amekaa hapo. Niliandika polepole, kwa herufi kubwa. Ndivyo nikawa mhudumu.

Kisha wakafungua tawi Bungoma, nikatumwa huko na daftari langu. Msimamizi wa huko alikuwa mwanamke mdogo kwangu, mwenye diploma na hasira. Baada ya miezi mitano, Mzee Wafula, karani mstaafu, alikuja kuendelea na mchezo alioujenga miezi minne. Alikuwa ameusevu vizuri, yaani ameiambia mashine imwekee mpaka arudi. Akakuta miji ya mtu mwingine. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Nani amehamia kwa nyumba yangu?" aliuliza.

Kufikia Jumatano, wengine wawili walilia hivyo hivyo. Msimamizi akaniita.

"Wewe ndiye unabaki na mashine asubuhi ukipanguza. Unafinya vitu hujui. Ijumaa ikifika bila jibu, urudishe funguo."

Watoto wangu watatu walikula kwa hizo funguo. Nilikaa na daftari. Kitale jambo hilo halikuwahi kutokea, na mchezo ulikuwa ule ule. Nikasoma majina. Kitale walikuwa Kamau, Kiprono, Simiyu, Wanjiru, kila mtu na lake. Bungoma waliolia walikuwa Wafula, Wafula na Wafula. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa wakati wa mvua ni Wafula. Hakuna boma lisilo naye. Mmoja alisevu kwa jina la Wafula Karani, mwingine Wafula Gereji, mwingine Wafula Kuku. Je, kama mashine inasoma jina la kwanza tu, ikifika kwenye nafasi kati ya majina inachoka?

Ijumaa niliwaita. Wafula wa gereji akasevu vita vyake mbele ya Msimamizi. Mzee akafungua mchezo wake. Zikatokea bendera nyekundu za gereji.

"Bana, Mzee, kumbe ni mimi nimekufagia!" akasema yule wa gereji, mikono kichwani.

"Na mimi nimekuwa nikikufagia wewe. Tuko sare."

Nikamwambia Msimamizi ajaribu jina bila nafasi; akaandika WafulaKarani, limeshikana. Likakaa peke yake. "Pole, Mama," akasema, mara moja tu, na funguo zikabaki mfukoni mwangu.

Ile dunia ya miezi minne haikurudi. Mzee alianza upya, na mji wa kwanza akauita MamaNekesa. Ukachomwa na adui kabla ya wiki kuisha. Alikuja kunipa pole, kofia mkononi, kama nimefiwa.

Sasa nimestaafu, niko Kitale, magoti hayataki deki. Aliyetengeneza ule mchezo simlaumu. Hakuwahi kuishi Bungoma. Na daftari ninalo bado, chini ya godoro.

Mvua iliyopita mke wa mwanangu alijifungua mvulana, na nyumbani tayari tuna Wafula wawili. Wakaanza kubishana ati atafutiwe jina lingine, asije akachanganywa na wenzake. Nikasimama mlangoni nikawaambia: "Huyu ni Wafula, na sitaki kusikia neno. Siku atakayokalia kompyuta, aandike jina lake na la babake yameshikana, na asimalize zamu kabla hajasevu. Sasa mleteni hapa nimbebe."