Kochi Lisilo na Mwisho

Wanafunzi walimbandika mwalimu wao wa hesabu jina la Bila Mwisho, maana hakuchoka kuwauliza: "Na wakiwa wengi bila mwisho, je?" Mumewe, fundi makochi, alilipenda jina hilo kuliko lile la kuzaliwa.

Mwaka ule figo za fundi ziligoma. Akawa mtu wa kulala sebuleni, dirisha likitazama karakana yake, na hamu yake moja tu: amwone mkewe ndani ya joho la mahafali. Tasnifu ya mkewe ilikuwa tayari, juu ya kuchagua na kupanga vitu kutoka seti zisizo na mwisho. Kesho yake ingepelekwa chuoni.

Akiipitia mara ya mwisho, mwalimu akaona tundu kwenye hoja yake.

"Mama watoto, mbona umenywea?"

"Nimekosea."

"Wewe? Basi leo jua litatua mashariki!"

Hakucheka. Aliielekezea mkono karakana. "Wakija wageni kumi, utawapa kochi moja la kuwatosha wote?"

"Nitawaundia. Hata elfu, mbao tu."

"Kila idadi ina kochi lake. Je, ndiyo kusema lipo kochi moja lisilo na mwisho?"

Fundi alifikiri. "Hapana. Kila kochi lina mkono huku na mkono huku."

"Mimi niliandika kwamba lipo."



"Huko chuoni wataliona hilo kosa?"

"Huenda wasilione."

"Na kulirekebisha?"

"Labda mwaka."

Wote wawili walijua mwaka ulivyo mrefu kwa mgonjwa.

"Nikikuta springi imekatika," fundi akasema, "huwa naifunika kitambaa?"

"Hufuniki."

"Basi usinitie aibu mtaani."

Mwalimu hakwenda chuoni. Alianza upya: kati ya wageni wasio na mwisho achague mmoja, waliobaki awagawe mafungu mawili, ashike lile lisilo na mwisho, achague tena. Maana kisicho na mwisho, hebu kikate sehemu mbili, lazima upande mmoja ubaki hauna mwisho! Unatoa mmoja, na bado hawapungui.

Nyumbani haikuwa hivyo. Fundi alipofariki, kabla hata ya mvua za mwaka ule, nyumba ilipungua.

Joho mwalimu alilivaa mwaka uliofuata. Hakungoja picha. Alikwenda nalo moja kwa moja karakana, akaketi kwenye kochi la mwisho la mumewe, springi zote nzima, kitambaa bado, akauegemea mkono wa kulia.