Utani Ulioandikwa Serikalini

Mume wangu nusura afukuzwe nchini kwa sababu ya utani, na mpaka leo nikisimulia jambo hili moyo hunienda mbio. Wanangu huniambia, mama, taratibu, utameza ulimi. Nitakwenda taratibu vipi? Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wakubwa wa dunia nimejifunga kanga mbili, hasira ziko puani, na sikutetemeka. Sawa, magoti yalitetemeka kidogo, lakini kanga zilikuwa ndefu.

Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyeshika nchi. Tulikaa Tabora mjini. Mimi Mnyamwezi wa Kigwa, binti wa wakulima Wamoraviani, na nilipoolewa na Mwislamu wa mjini wazazi wangu walinuna mwaka mzima. Mume wangu alikuwa seremala, Mmanyema. Babu yake alitoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, na msafara wa pembe za ndovu, akafika Tabora, akachoka kutembea, akaoa. Baba yake alizaliwa Tabora. Yeye mwenyewe alizaliwa Tabora, na hiyo Kongo hakupata kuiona hata kwenye picha.

Jirani yetu, mzee mmoja muuza nyama, Mnyamwezi kama mimi, alikuwa mtani wake. Mababu zao walitembea njia moja, mizigo kichwani, na utani wao ulianzia huko njiani. Mzee aliweza kuingia kwetu mchana kweupe, akamkamata jogoo, akaenda zake, na mume wangu asiseme neno. Kununa ndiyo aibu. Mtani akikutukana unamrudishia tusi kubwa kuliko lake, mnacheka, mnakula pamoja. Mzee alimwita mume wangu mtoro wa Kongo. Mume wangu alimwita mzee pagazi. Miaka nenda miaka rudi.

Sasa, mume wangu akaomba kiwanja karibu na soko ajenge karakana. Pale ofisi ya serikali alikuwa amehamia afisa mgeni, Mwingereza kijana, ametokea koloni jingine. Kiswahili alijifunza kitabuni na akakionea fahari, mkalimani hamtaki. Akasema kabla ya kutoa kiwanja anataka shahidi wa mtaani anayemjua mwombaji. Tukamleta nani? Mzee, bila shaka. Nani angemjua zaidi? Hapo ndipo tulipojikwaa sisi wenyewe, maana hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba utani ni kitu cha kuachwa mlangoni ukiingia serikalini.

Afisa akauliza, "Unamfahamu mtu huyu? Ni mwenyeji wa wapi?"

Mzee akamtazama mume wangu juu mpaka chini. "Huyu? Huyu mtoro wa Kongo, bwana. Juzi tu kavuka ziwa kajificha ndani ya kapu la dagaa. Mnuseni wenyewe. Mrudisheni kwao kabla hajatumalizia kuku."

Sisi tuliokaa kwenye benchi tukaangua kicheko. Mume wangu naye angefanya nini? Angekaa kimya, mbele za watu, mtani kamshinda? Akasema, "Kweli tupu, bwana. Na pagazi aliyelibeba hilo kapu ndiye huyu."

Afisa hakucheka. Aliandika. Aliandika yote, na kalamu yake ilikuwa na wino mwingi. Karani wake, mtu wa Tabora, alijua vizuri kilichokuwa kikiendelea, lakini alikuwa na watoto sita na kazi moja, akaufyata. Karatasi ikaletwa, ya Kiingereza, mume wangu akatia sahihi huku bado anacheka. Tukarudi nyumbani tukapika wali kabisa.

Wiki ya pili tarishi akaleta barua ya Kiingereza. Karani wa posta akatusomea. Kwa ushahidi wa jirani, na kwa kukiri kwake mwenyewe, mtu huyu ameingia nchini bila kibali. Ana siku thelathini. Aende Kigoma, apande meli, arudi kwao.

Kwao wapi?

Mzee aliposikia alikimbia ofisini na kisu cha buchani bado kiunoni. Akaeleza kwamba alikuwa anatania. Afisa akamwambia, ama ulisema uongo siku ile ama unasema uongo leo, na vyote viwili vina kifungo, chagua. Aliporudi alikaa sakafuni kwetu, akainamisha kichwa, hana hata tusi moja. Nilimhurumia na nilitaka kumpiga na mwiko, yote kwa pamoja.

Mume wangu akaanza kupaka mafuta randa zake na kuzipanga sandukuni. Polepole, moja moja. "Labda Ujiji nitapata kazi," alisema, kana kwamba Ujiji haiko nchi hii hii anayofukuzwa. Nikamwambia, "Sanduku hilo nikilikuta limefungwa nitalitia moto." Kupanga vitu ndiyo njia yake ya kulia. Nilijua hilo, na ndiyo maana niligomba.

Siku hizo hizo kaka yangu, mwalimu wa misheni, akashuka na treni kutoka Kigwa. Nilimwamkia, shikamoo kaka, naye hata marahaba hakuimaliza, tayari anapekua mfuko. Akatoa kijitabu kimechakaa. Akasema, "Dada, kaa chini. Hii nchi si ya Mwingereza."

Nikadhani ameanza kuchanganyikiwa. Akaeleza. Baada ya vita mataifa yalikaa pamoja, yakaweka sheria iliyo juu ya serikali zote. Tanganyika haikuwa mali ya Mwingereza, ilikuwa amana. Amekabidhiwa aitunze, na waliomkabidhi hutuma wajumbe kuikagua, na mtu yeyote, mkulima, mwanamke, yeyote, anaweza kuwapa malalamiko yake mkononi. Na mataifa hayo hayo yametangaza kwamba kila mtu ana haki ya kuwa raia wa mahali, na kwamba haifai mtu kufukuzwa kwao kwa matakwa ya afisa tu.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena pale pa amana. Mimi najua amana. Jirani akikuachia mbuzi wake akisafiri, humchinji. Kumbe Bwana Shauri, mkuu wa wilaya mwenyewe, naye alikuwa na bwana wake, na bwana huyo alikuwa anakuja Tabora baada ya siku tisa, kwa treni. Jamani, niliruka. Mwanamke mzima, nina mimba ya miezi mitano, niliruka hapo uani.

Tukaandika hati usiku na mchana? Hapana, tuliiandika asubuhi moja tu, kaka akishika kalamu na mimi nikimsimamia. Aliandika "mama huyu mnyonge" nikamfutisha. Shida ikaja kwenye sahihi. Mume wangu akakataa.

"Siwezi kumshitaki mtani," alisema. "Kulalamikia utani ni kumkana. Bora nivuke ziwa."

Wanaume. Nilizunguka uani mara tatu, ndipo nikaona njia. Mzee hakuwa mtani wangu. Tulikuwa kabila moja, mimi na yeye tuliheshimiana tu, shikamoo baba, marahaba mwanangu. Mimi kinywa changu hakikufungwa na chochote. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu, herufi kubwa kubwa, kama nilivyofundishwa misheni.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka nje ya ukumbi. Wafugaji kutoka Ziba walikuja na shauri lao la malisho, wanaamkiana mwangaluka, mwangaluka, wanasubiri zamu. Wajumbe walikuwa wanne, nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani. Wakubwa wa serikali walikaa pembeni, na yule afisa wetu miongoni mwao. Safari hii mkalimani alikuwepo. Zamu yangu ilipofika nilisema yote kwa pumzi moja, mpaka mkalimani akaniomba nimwonee huruma. Nikamaliza hivi: "Mume wangu hakukiri. Alikuwa anacheza. Sisi ndivyo tunavyopendana."

Mjumbe mmoja, mwenye miwani, akataka kuona hicho kitu kinaitwa utani. Mzee na mume wangu wakaitwa mbele. Mwanzoni walikaa kama watoto mbele ya mwalimu. Halafu mzee akakohoa, akasema koti alilovaa mume wangu kaliiba kwa maiti. Mume wangu akajibu kwamba maiti mwenyewe alikuwa amekula nyama ya buchani kwa mzee. Basi, ukumbi ukalipuka. Mkalimani alishindwa, akawa anajifuta machozi. Wajumbe walicheka kabla hata ya kutafsiriwa. Afisa wetu akawa mwekundu mpaka masikioni, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Lakini mwenye miwani aliacha kucheka mapema kuliko wengine. Akamwuliza mzee, "Siku ile ulisema uongo kwa mchezo. Leo mnasema ni mwenyeji. Nitajuaje kwamba huu nao si mchezo?"

Hilo swali hatukujiandaa nalo. Nikamtazama kaka, naye akatazama kijitabu chake.

Mzee akavua kofia. Akasema, "Bwana, kwetu mtani ndiye anayechimba kaburi. Babu yake alichimbiwa na babu yangu. Baba yake nilimchimbia mimi, kule nyuma ya msikiti. Na mwaka juzi," hapo akanielekea mimi, akasita, "mwaka juzi nilimchimbia mtoto wao wa kwanza. Siku tatu alikuwa nazo. Hapo pia nilitania, maana ndiyo kazi yangu. Nilisema huyu Mmanyema mdogo ni mvivu, kaja kulala tu. Twendeni nikawaonyeshe. Mtu anayezika mwanawe mahali, mnamwambia kwao ni wapi?"

Mimi sikuwa nimemtaja mtoto yule mbele ya mtu yeyote. Nililia pale pale, mbele ya kitambaa cha kijani, na wala sikuona haya. Mkalimani alitafsiri kwa sauti ndogo. Mwenye miwani akaandika, akampa mwenzake asome, kisha akainama akazungumza na mkubwa wa serikali aliyekaa pembeni.

Jibu rasmi lilitoka Amerika, kwenye makao ya mataifa hayo, baada ya mwaka na ushei, likiwa na mihuri, na jina langu juu ya bahasha. Lilisema tu kwamba shauri limekwisha na hapana haja ya uamuzi. Kweli lilikuwa limekwisha. Wakubwa wa serikali hawakutaka malalamiko yale yavuke bahari wakati amri ya kumfukuza bado iko mezani. Wajumbe hawajamaliza siku tatu tangu waondoke, tukaitwa ofisini tena, uchunguzi uanze upya, mkalimani awepo.

Tukakaa benchi lile lile. Afisa alikuwa mpole, na hakututazama machoni. Alifungua karatasi mpya. Alimwuliza mume wangu swali moja kupitia mkalimani, wewe ni mtu wa wapi.

Sote tukamgeukia mzee. Nafasi kama hiyo mtani haiachi. Nilimwona midomo inacheza, mabega yanatikisika, jasho linamtoka. Tusi lilikuwa limemjaa mdomoni. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akafumba macho, na machozi yakaanza kupita katikati ya vidole vyake.

Mume wangu alimngojea. Alimngojea kitambo kizima, kwa adabu. Alipoona hakuna kinachokuja, akamgeukia afisa.

"Wa hapa," alisema.

Afisa akaandika.