Springi za Gunia Kumi

Sikuwa na hamu hata kidogo ya kwenda Dar. Nilikwenda kwa sababu springi ya nyuma ya pikapu yangu ilikatika, na mke wangu Zaituni alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba mbili za kwanza zilitoka, na ya pili ilitoka ndani ya pikapu hiyo hiyo, tukiteremka kutoka kwetu Mlalo, milimani, kwenda hospitali. Safari hii daktari alisema ashushwe mapema, akae karibu, na asitikiswe. Asitikiswe! Barabara yenyewe ni mawe mwanzo mwisho. Nikamwambia Zaituni nitamtafutia springi laini hata kama ziko mwisho wa dunia.

Magomeni nilifikia kwa binamu yangu Rajabu, muuza mitumba. Basi lilikuwa limenipiga siku nzima, mgongo siusikii. Asubuhi, kwenye chai, akanitazama anavyotazama mtu nguo yenye doa.

"Viazi tu ndiyo vinakukondesha hivi?"

"Viazi tu," nikasema.

Kwetu mimba haitajwi kwa watu mpaka mtoto alie, sembuse ya mwanamke aliyekwisha kupoteza mbili. Nilimficha hata Rajabu, damu yangu.

Saa mbili asubuhi tulikwisha vuka bonde la Jangwani kwa miguu na kuingia Kariakoo. Zamani springi uliiomba serikalini kwa barua, ukangoja, ukapewa iliyopo, ukashukuru. Sasa kila kitu ruksa. Kuanzia mtaa wa Msimbazi mpaka mtaa wa Gerezani ni vyuma vitupu: vya Japani, vya Dubai, vipya, na vikuukuu vilivyopakwa rangi nyeusi ili vifanane na vipya. Kila mwenye duka anakuapia. Kwa Mhindi mmoja kulikuwa na springi mpya ndani ya boksi, nzuri kweli, lakini si za gari langu. Kufika adhuhuri tulikuwa tumeingia maduka saba, kichwa kinaniuma, na nikawa naikumbuka ile barua ya zamani kwa mapenzi.

"Tumalizie kwa Mama Aika," Rajabu akasema. "Mchaga, mkali, lakini hauzi takataka."

Mama Aika alikuwa mtu mzima, ameketi kwenye tairi, kanga mabegani. Nilimwamkia.

"Marahaba, baba. Unabeba nini?"

Swali hilo hakuna aliyeniuliza katika maduka yote saba. Wao waliuliza gari gani tu.

"Viazi, mama. Gunia kumi."

Dukani kwake hununui kwa macho. Aliweka springi mbili chini, kila moja juu ya matofali mawili: moja ya vyuma vinne vilivyolaliana, nyingine ya vyuma saba.

"Panda. Jitikise."

Nikapanda ile ya vyuma vinne. Ilibonyea chini yangu polepole, ikanirudisha juu polepole. Jamani, nilitaka kulia. Nilimwona Zaituni amekaa, mikono tumboni, hatikisiki.

"Naichukua hii, mama."

"Hiyo ya kubebea maharusi," akasema. "Wewe si umesema viazi? Ikikukatikia huko milimani utarudi hapa kunitukana. Chukua ya vyuma saba."

"Lakini hii laini…"

Akanikazia macho. "Kuna mtu unambeba?"

Neno lilifika mdomoni. Yule alikuwa mama, amezaa, angenielewa. Rajabu naye alikuwa amegeuka kunisikiliza.

"Hakuna mtu, mama. Viazi."

Basi nikauziwa springi mbili za vyuma saba. Ukutani palikuwa na kibao: mali ikiuzwa hairudishwi. Nilikisoma nikiwa nimechoka hata kuona aibu.

Siku ya kurudi springi zilipanda kwenye buti la basi, nami nikapanda na uongo wangu. Njia nzima nilijidanganya kwamba springi ni springi, ilimradi nzima.

Mlalo tulizifunga siku mbili, mimi na fundi. Zaituni akaingia mbele, nikaondoa gari taratibu kama mwizi. Jiwe la kwanza tu, gari likaruka, gumu kama meza. La pili, akashika mlango.

"Nishushe."

"Zaituni…"

"Nishushe! Hizi ni springi au matofali? Bora niteremke kwa miguu."

Alishuka, akakaa ukingoni mwa barabara, anahema. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikakaa kando yake, nikamweleza yote: mama yule, matofali, ile laini iliyonibembeza, na jinsi nilivyoulizwa waziwazi nikakana.

Nilingoja matusi, na nilistahili.

"Kwa hiyo umemwambia unabeba viazi," akasema.

"Gunia kumi."

"Basi pakia viazi, bwana."

Sikumwelewa mpaka alipoupiga kwa mkono ubavu wa gari tupu: springi za mzigo hazilegei bila mzigo. Majirani walinisaidia. Gunia la sita, nyuma ya gari ikaanza kushuka. La kumi, nikasimama juu ya bampa nikajitikisa: ilibonyea polepole, ikanirudisha juu polepole. Tuliteremka mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye kona ambapo mwaka juzi, mimba ya pili ikitoka, alipiga kelele, nilimtazama kwa woga. Alikuwa amesinzia, mdomo wazi.

Viazi niliviuza nje ya lango la hospitali. Wiki ya pili binti yetu akalia, na kwa kuwa amelia, sasa naweza kumtaja. Mwakani huenda nikarudi Kariakoo, maana ile barabara haiachi chuma salama. Mama Aika akiniuliza nabeba nini, nitamjibu mbele ya Rajabu na Gerezani nzima: mke wangu na mwanangu, mama, nipe ile ya maharusi.