Nta ya Babu kwenye Khene ya Noi

Wenzangu mliokunywa yale maziwa ya shule ya pakiti za pembe tatu, mkazitoboa kwa meno na kisha mkazipuliza na kuzikanyaga zilipuke darasani, nyinyi ndio ninaowaandikia. Wengine karibuni msome, lakini msituulize kwa nini tulikwenda shule miguu mitupu na bado tukafika kabla ya kengele. Tulifika kwa sababu mwalimu wa zamu alisimama langoni na mwanzi mkononi, na mwanzi ule haukuwa wa muziki.

Nililelewa kwa Babu mzaa mama, huko Kwale. Asubuhi mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi. Jioni wali wa nazi ukipatikana, na usipopatikana sima na mchunga, ile mboga chungu ambayo Bibi alisema inasafisha damu. Damu zetu zilikuwa safi sana. Katikati ya milo hiyo miwili tulicheza kombolela hadi sauti zikakauka, na mdako hadi kucha zikalika. Siku hizi binti yangu akiingia nyumba ya watu huuliza kwanza neno la siri la mtandao, ndipo akumbuke kuamkia. Sisi tuliamkia kuanzia barabarani, tukaamkia mpaka wasiotuitikia.

Babu aliniita "mke wangu", kama mababu wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Bibi alijifanya kununa: "Haya mke mwenza, leo zamu yako, kamchotee mume wetu maji ya kuoga." Nami nilichota, nikiringa kabisa, sijui kwamba natumikishwa. Babu alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Alisuka mitego ya samaki wa mtoni, alichonga mipini ya majembe, na zaidi ya yote alipuliza chivoti, ile filimbi ya mwanzi ya sisi Wadigo inayoshikwa kwa ubavu. Alikata mwanzi mwenyewe, akauacha ukauke kivulini mpaka aridhike, kisha akatoboa matundu kwa msumari uliochomwa motoni. Harufu ya mwanzi ukiungua naijua hata leo: tamu kidogo, kama mahindi yaliyosahaulika jivuni.

Alikuwa nazo nyingi, lakini moja ndiyo aliyoipenda. Aliirithi kwa mjomba wake, na ilikuwa na ufa mrefu uliozibwa kwa nta nyeusi ya nyuki wadogo, wale wasiouma, wanaoishi ndani ya magogo na nyufa za kuta. Chivoti hicho kililazwa kando ya mtungi wa maji, mahali penye ubaridi, na amri ilikuwa moja: kisione jua. Amri ya pili haikuhitaji kutamkwa. Msichana hapulizi chivoti.

Basi mimi nilizivunja zote mbili siku moja.

Ilikuwa asubuhi ya harusi ya mama mdogo, kitindamimba wa Babu. Babu alikuwa amemwahidi tangu utotoni kwamba siku atakayotoka nyumbani atatolewa kwa chivoti kile, si kwa kingine. Mimi nilitumwa shambani kuamia ndege wasimalize mpunga. Nilikuwa na miaka tisa, na nikaona ndege watatishika zaidi wakipigiwa muziki. Nikakificha chivoti ndani ya kanga. Nilipuliza mpaka kizunguzungu, nikapata sauti mbili, moja mbaya na nyingine mbaya zaidi. Wenzangu wakaniita kwenye mdako, nikakiweka juu ya jiwe na kwenda kucheza. Niliporudi, jiwe lilikuwa la moto, nta imelainika na kutiririka pembeni, na ufa umefunguka. Nikakifuta kwa kanga, nikakirudisha kando ya mtungi, nikaenda kuvalishwa gauni la harusi kana kwamba sijui lolote.

Mchana mama mdogo alipotolewa, watu wakajipanga, vigelegele vikapungua, Babu akainua chivoti mdomoni. Ikatoka hewa tupu. Fuuu. Akapuliza tena. Fuuu. Watu wakaanza kuchekea viganjani. Babu akapitisha kidole kwenye ufa taratibu, akakinusa kile kidole, kisha macho yake yakazunguka mpaka yakanikuta nyuma ya Bibi. Yakatua hapo kidogo tu.

"Jamani," akasema, "chivoti leo kimefunga. Tukisaidieni kwa makofi."

Watu wakacheka vizuri sasa, wakapiga makofi, na yeye akaimba kwa mdomo ule wimbo ambao angeupuliza. Mama mdogo alitoka akilia na kucheka. Kila mtu alisema harusi ilifana. Lakini mimi nilimwona Babu alivyokishika chivoti kile chini, ubavuni.

Nilingoja kiboko. Kiboko hakikuja. Kesho yake asubuhi aliniita, "Mke wangu, njoo na mikono." Akanipa donge la nta jeusi na kuniambia nilifinyange. Nilikandamiza kwa nguvu zote, likapasuka vipandevipande. Akanipa lingine. "Nta haiamrishwi," akasema, "hubembelezwa." Akanionyesha namna ya kuikumbatia kwa viganja viwili na kuipulizia pumzi ya moto ya kifuani, kidogo kidogo, mpaka ikalegea yenyewe. Kisha kuisukuma ufani kwa dole gumba, bila haraka, kuifuata hewa inakotorokea. Wiki mbili nzima kila baada ya shule nilikuwa hapo. Wavulana walifundishwa kupuliza, mimi nikafundishwa kuziba, na mwishowe walikuwa wakiniletea filimbi zao kwa heshima na kashata mkononi.

Hakuniuliza hata siku moja ni nani aliyekiacha chivoti juani. Nami sikumwambia. Nilisema nitamwambia nikifunga shule, kisha nitamwambia likizo ijayo. Nikiwa bweni, kidato cha pili, nikaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kwetu maiti hailali. Nilifika Babu ameshazikwa, na neno langu likabaki kooni.

Limebaki huko miaka mingi, nikasafiri nalo mpaka hapa Doha. Nasimamia usafi wa vyumba katika hoteli moja ya Al Sadd, na jioni narudi Al Wukair kwa mume wangu na binti yetu. Siku nzima ni mashuka, taulo na wageni wasiojua kiyoyozi kinazimwa wapi. Muziki wa mianzi nilishausahau.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilipita karibu na ghala la mashuka saa ya mapumziko, nikasikia fuuu. Nikasimama. Fuuu, tena. Nikafungua mlango.

Alikuwa Noi, dada wa kitengo cha udobi kutoka Laos, mpole, asiyezidisha neno. Mikononi alikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona: mianzi myembamba kumi na sita imepangwa safu mbili, mirefu kama urefu wa mtoto wa miaka mitano, imepitishwa kwenye kifuko cha mti uliochongwa, na hapo ndipo panapopulizwa. Inaitwa khene. Kwa Kiingereza chetu cha kazini alinieleza kwamba kwao husemwa, anayeishi nyumba ya nguzo, akala wali wa kunata na kusikiliza khene, huyo ndiye Mlao. Nikamwambia kwetu ingekuwa nyumba ya makuti, sima na chivoti. Tukacheka, kisha akaacha kucheka.

Khene ile iliundwa na baba yake. Kwao pia aghalabu wanaume ndio wapulizao, lakini mzee alizaa mabinti watupu, akaona heri mila ivunjike kuliko khene inyamaze. Sasa mapafu yamemshinda, hawezi kupuliza hata mshumaa. Alikuwa ameomba jambo moja: mwaka mpya wao, unaoingia mwezi wa nne, amsikie Noi akiipiga ile aliyoiunda yeye. Hakusema kwamba huenda ukawa wa mwisho, ila Noi alikuwa amesikia. Na Noi alikuwa ameiweka khene juu ya kabati, chini ya pumzi ya kiyoyozi, miaka miwili mizima. Nta iliyozunguka mianzi ilikuwa imekauka na kupasuka.

Nikaiangalia ile nta. Nyeusi. Nikaikwaruza kwa ukucha nikainusa, kama Babu alivyokinusa kidole chake. Nikamuuliza, "Ni ya nyuki wadogo wasiouma?" Noi akanitazama kana kwamba nimemtajia jina la mama yake.

Fundi wa hoteli, mtu mwema kutoka Kampala, alikuja na bomba lake la silikoni. "Nyabo," akasema, yaani mama kwa lugha ya kwao, "nipe dakika tano tu. Hata maji hayatapita." Nikafunika khene kwa mikono miwili. "Kaka, asante, lakini hii siyo sinki." Tukajaribu nta ya mshumaa, ikashika saa moja ikabanduka. Tukajaribu nta ya nyuki wa kawaida kutoka kwa muuza asali sokoni, ikashika siku moja. Zikiwa zimebaki wiki mbili nikampigia kaka yangu nyumbani, maana bado anafuga wale nyuki kwenye magogo ya Babu.

"Dada, Doha yote hiyo hakuna nta?"

"Ipo. Si hiyo."

Jirani yetu muuguzi alikuwa anarudi kutoka likizo nyumbani, akaniletea ndani ya kikopo cha mafuta ya kujipaka. Alinikabidhi huku amekunja uso. "Watu hutumiwa maembe na achari. Wewe umetumiwa matope."

Nilipofungua kikopo kile jikoni kwangu, ikanijia asali chachu, moshi na utomvu, na nyuma yake Babu mzima, na kibaraghashia chake. Nililia bila aibu. Binti yangu akachungulia kutoka kwenye simu yake. "Mum, kwani hiyo sauti si iko tu mtandaoni? Niwawekee na spika." Nikamwambia alete mikono. Alikandamiza kwa nguvu zote, ikapasuka vipandevipande, na kipande kikaenda kunata kwenye kioo cha simu. Nilifurahi kuliko inavyofaa mzazi kufurahi. Kisha nikamwonyesha viganja viwili na pumzi ya kifuani.

Alhamisi mchana, kazi ya asubuhi ikiisha, Noi alikuja kwangu na khene. Tulikaa chini, kwenye mkeka, kiyoyozi nimekizima, jasho linatutoka sote watatu, mimi, Noi na binti yangu. Mwanzi baada ya mwanzi. Tulipomaliza akapuliza: fuuu. Nilisikia aibu ya harusi ile upya. Nikatega shavu kwenye kile kifuko cha mti na kumwambia apulize polepole, mpaka nikaihisi hewa inatorokea nyuma ya mwanzi wa saba. Hapo nikaibembeleza. Dole gumba langu lilijua njia kabla yangu.

Ijumaa asubuhi, siku ya mwaka mpya wao, kwao ikiwa mchana, Noi akaketi sebuleni kwangu na kumpigia baba yake kwa video. Mzee alikuwa amelala na blanketi kifuani. Noi akapuliza. Sijui niwaelezeje. Khene hulia unapotoa pumzi na hulia unapovuta, kwa hiyo haina pa kukatika. Sauti nyingi zinakwenda pamoja kama ukoo mzima unaotoka shambani. Mzee alifumba macho. Kisha nikaona vidole vyake juu ya blanketi vinabonyeza, vinainuka, vinabonyeza matundu ambayo hayapo, sawasawa na vya binti yake, mpaka mwisho wa wimbo.

Alipofumbua macho akauliza jambo. Noi akanigeuzia simu. "Anauliza nani ameiziba."

Nilitaka kusema mimi. Nikajikuta nasema, "Babu yangu. Mimi nilimshikia nta tu." Noi akafasiri. Yule mzee akaunganisha viganja vyake usoni, akasema maneno machache kwa taabu. "Anasema," Noi akanifasiria, "umfikishie shukrani zake."

Enzi zile tulikuwa na muda mwingi na maneno machache. Leo binti yangu anaweza kuzungumza na Laos na Kwale kwa dakika moja, na simwonei kijicho. Tuna mengi ambayo Babu hakuyaota. Ila sisi tulifundishwa na watu waliotukalia kitako wiki mbili bila kutuuliza kosa letu, na sijui kama nami nimewahi kumkalia mwanangu hivyo kabla ya mkeka ule. Alhamdulillahi kwa mkeka ule. Donge lililobaki binti yangu amelihifadhi jikoni, kando ya chupa za maji, mahali penye ubaridi. Sikumwagiza.

Ijumaa ile Noi alipoondoka nilitoka kibarazani, jua la Doha likiwa limewaka kama jiwe lile la shambani. Amana ni amana, ikabidi niifikishe.

"Babu," nikasema, "mzee mmoja wa Laos anakushukuru. Na mimi pia. Chivoti ni mimi niliyekiacha juani. Najua ulijua."