Maziwa Niliyoyafuata Gotu

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata diploma. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba aliyefika Gotu siku ile hakuwa mtu wa kudanganywa ovyo. Diploma yenyewe ni ya mitambo ya baridi. Karo nilijilipia kwa kuponda kokoto, kisha nikaenda Ghuba, nikapoza vyumba vya matajiri kwa miaka tisa. Niliporudi kwetu Wabera nilimjengea mama nyumba ya mawe. Cheti nilikitundika sebuleni juu kidogo ya saa, ili kila atakayetaka kujua wakati akione.

Mama hakuwa na cheti. Alikuwa na meza sokoni, alikouza maziwa ya ngamia yaliyotoka kwa wafugaji wa Kulamawe, kwa mitungi ya plastiki ya manjano. Wanawake wa soko lile huosha mitungi, kisha hutia kijinga cha moto ndani na kuifukiza ili maziwa yasiharibike upesi. Kila mmoja ana kuni zake na mkono wake. Mama alikuwa akifungua kifuniko, ananusa, anataja aliyefukiza. Mimi nilidhani anabahatisha.

Kisha mama akaanza kukwamwa na chapati kooni, halafu uji. Daktari akatuambia ni saratani ya koo, imeshaenea, na kazi iliyobaki ni kumpunguzia maumivu. Muuguzi alitupa dawa ya maji, kipimo kimoja kila baada ya saa nne, akanionya isikose. Nilimsikiliza daktari kwa heshima, msomi kwa msomi mwenzake, kisha nikatoka nikiwa nimeamua kwamba amekata tamaa mapema.

Nilifanya utafiti kwenye simu. Majani ya mstafeli, magadi, manjano, mkojo wa ngamia: yote niliyapanga kwenye faili. Mwisho nikampata mtu wa dawa huko Gotu, mwendo mrefu kutoka kwetu. Alivaa koti jeupe na aliniita injinia. Sitaficha kwamba neno hilo lilisaidia.

Alinieleza kwamba dawa yake ni maziwa ya ngamia mmoja tu, anayelishwa majani anayoyajua yeye peke yake, yakichanganywa na unga wa kijivu. Mgonjwa anywe siku ishirini na moja. Sharti lilikuwa moja: dawa ya hospitali isimamishwe, kwa sababu inaifungia hii njia. Maumivu yakizidi, tusiogope, ndiyo ugonjwa unatoka. Nilimuuliza maswali magumu. Aliyajibu yote, jambo ambalo daktari hakuweza.

Nilimpelekea mama mtungi kitandani, nikafungua kifuniko. Alinusa, kwa mazoea, akanitazama usoni.

"Umeenda mpaka Gotu?"

"Mpaka Gotu, mama."

"Na jua hili."

Akanywa, vijiko viwili, kila kimoja kwa shida. Nami nikaiweka chupa ya muuguzi kabatini.

Nilibandika jedwali ukutani, karibu na cheti, nikawa natia alama. Siku ya pili nilimkuta ameng'ata ncha ya mtandio wake, macho kayafumba. Niliandika: *inafanya kazi*. Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Siku ya tatu alikuja jirani yake wa sokoni, mwanamke aliyekaa naye meza moja tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

"Salaam aleikum! Bado unalala, mvivu wewe? Wateja wako wote nimewachukua."

"Wachukue," mama akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Walikuwa wananichosha."

Mgeni akaona mtungi. Alifungua, akanusa, akageuka kwangu.

"Nani kaleta maziwa yangu hapa?"

Nikamweleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha asiyesoma, kuhusu Gotu, majani na yule ngamia mmoja.

"Ngamia gani? Huu moshi ni wangu! Ni yule wa koti jeupe? Huyo anakuja kila Jumatatu, anabeba mitungi miwili, hata salamu hajibu." Alipiga makofi akicheka. "Msomi mzima, unafuata Gotu maziwa ya hapa sokoni!"

Kutoka mlango wetu mpaka meza yake ni dakika kumi kwa miguu.

Mama naye alikuwa akicheka, bila sauti, mkono umeshika koo.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua ulipofungua kifuniko."

"Mbona hukusema? Siku tatu zote, na maumivu yale?"

"Ulikuwa umefurahi, mwanangu. Tangu urudi sijakuona umefurahi hivyo."

Nilienda kabatini. Mkono huu uliotengeneza mitambo mikubwa kuliko nyumba yetu ulimwaga kipimo cha kwanza sakafuni. Cha pili kilifika mdomoni. Baada ya muda alilegeza vidole vilivyokuwa vimeshika shuka, akalala. Nililibandua jedwali. Faili niliihifadhi, na siwezi kudai kwamba sikuifungua tena.

Asubuhi iliyofuata nilimwomba yule jirani kijinga cha moto, nikaosha mtungi mdogo na kuufukiza mwenyewe. Moshi uliniingia machoni, mtungi ukayeyuka kidogo pembeni. Nilitia maziwa, nikampelekea mama baada ya dawa yake. Alinusa muda mrefu.

"Umeunguza," akasema.

"Naona, mama."

"Basi lete kijiko. Moshi huu wa nani najua."